Kichupa cha dozi 10 na mtoto mmoja: uongozi wa zahanati unavyoamua nani achanjwe

Chukulia ni Jumanne, saa tano asubuhi, kwenye zahanati ya kijiji kilicho mbali na lami. Mama amekuja na mtoto wa miezi tisa, zamu ya surua na rubella. Mtoto ameshapimwa uzito, homa hana, kadi iko mezani. Shida ni kwamba leo kaja peke yake. Chanjo hiyo huletwa ikiwa poda kwenye kichupa cha dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake maalumu lazima iishe ndani ya saa 6; inayobaki inatupwa. Muuguzi afungue kichupa, achanje mmoja na kumwaga dozi 9, au amwambie mama arudi Alhamisi watoto watakapokuwa wengi?

Msimamo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) hauna utata: fungua. Upotevu wa aina hiyo huwa umeshapigiwa hesabu tangu chanjo inapoagizwa, na dozi moja ya surua-rubella haifikishi bei ya dola moja ya Marekani. Mtoto aliyerudishwa nyumbani ana gharama kubwa zaidi, kwa sababu wengine hawarudi. Alhamisi ni siku ya mnada, au mvua imenyesha na korongo limejaa, au kuna msiba kwa shemeji. Hata hivyo, ukikaa kwenye mabenchi ya kliniki za vijijini, hilo la "rudi Alhamisi" utalisikia. Muuguzi anayelisema si lazima awe mvivu wala katili. Huenda anakumbuka kikao cha mwezi uliopita, alipoulizwa mbele ya wenzake kwa nini dozi nyingi zimemwagwa, na hakuna aliyemuuliza ni watoto wangapi waliorudishwa.

Tumezoea kueleza mafanikio ya chanjo kwa mambo makubwa: fedha za wafadhili, ndege iliyoshusha shehena, wazazi kuelimika au kutoelimika. Yote yana nafasi yake. Ila watoto wengi wanapotea kwenye mambo madogo ambayo mtu mmoja au wawili ndani ya zahanati wana uwezo wa kuyaamua, na watu hao huamua kwa kuangalia wanapongezwa kwa lipi na wanagombezwa kwa lipi. Nikisema uongozi katika makala haya, nina maana hiyo. Hotuba za siku ya uzinduzi nimeziacha kando.

Mfawidhi ni nani

Kiongozi wa zahanati anaitwa mganga mfawidhi. Katika zahanati nyingi za Tanzania ni tabibu, mtu aliyesomea kutibu malaria, nimonia na vidonda, akapangiwa kituo, na kwa kuwa ndiye mwenye cheo kuliko waliopo akakabidhiwa mhuri. Mahali pengine ni muuguzi, kwa sababu tabibu alihama na hajaletwa mwingine. Chini yake wanaweza kuwepo watumishi wawili au watatu, na mmojawapo yuko likizo ya uzazi. Asubuhi anatibu, usiku anaamshwa kuzalisha, katikati anahesabu dawa, anajaza vitabu vya MTUHA (vya kumbukumbu na takwimu za huduma) na kupokea wageni wa wilayani. Chuoni alifundishwa ugonjwa na dawa. Namna ya kupanga bajeti alijifunzia kazini, na namna ya kumwonya mtumishi ambaye jioni watachota maji kisima kimoja bado anajifunza.

Wakubwa zake ni wengi. Miongozo ya chanjo inatoka Wizara ya Afya. Mshahara, uhamisho na bosi wake wa moja kwa moja, yaani mganga mkuu wa halmashauri, viko upande wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Chanjo zenyewe zinashuka kutoka Bohari ya Dawa hadi mkoani, kisha wilayani, ndipo zimfikie, na anayefuatana naye mwezi kwa mwezi ni mratibu wa chanjo wa wilaya. Pembeni kuna kamati ya usimamizi wa zahanati yenye wajumbe wa kijijini, na serikali ya kijiji yenye mwenyekiti na mtendaji. Mfawidhi mwerevu hugundua mapema kwamba kati ya hao wote, mtendaji wa kijiji ndiye anayeweza kumsaidia kesho asubuhi.

Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, mwaka mmoja baada ya WHO kuanzisha ule wa dunia. Tangu hapo mzigo umeongezeka. Penta, chanjo mseto inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, iliingia 2009. Za nimonia na za kuhara kunakoletwa na rotavirusi zikafuata mwanzoni mwa 2013. Dozi ya pili ya surua pamoja na rubella 2014. Polio ya sindano na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi 2018. Mtoto anatakiwa afikishwe anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Ni mara sita kabla hajatimiza miaka miwili, na kila mara ni nafasi ya kumpoteza. Meza, jokofu na muuguzi mara nyingi ni walewale.

Karatasi iliyo ukutani

Kwenye chumba cha chanjo huwa kuna chati kubwa ukutani. Chini ni miezi, Januari hadi Desemba. Pembeni ni idadi ya watoto. Katikati kuna mstari ulionyooka unaopanda kuelekea lengo la mwaka. Kila mwisho wa mwezi mtu anatakiwa ajumlishe waliopata Penta ya kwanza na waliopata Penta ya tatu, aweke nukta mbili, aziunganishe. Ukitaka kuijua zahanati kwa haraka, anza na karatasi hiyo. Kama mistari imeishia Aprili na sasa ni Oktoba, umeshapata jibu moja.

Kama imechorwa hadi mwezi uliopita, tazama mistari miwili ilivyoachana. Mstari wa Penta ya kwanza ukiwa chini, maana yake kuna kaya ambazo huduma haijazigusa kabisa: watoto wasiopata hata dozi moja. Hao wanatafutwa kwa huduma ya mkoba, yaani wachanjaji kuwafuata watu vitongojini, kwa pikipiki, kwa mwenyekiti wa kitongoji anayejua nani kajifungua kambi ya ng'ombe. Lakini mstari wa kwanza ukiwa juu na wa tatu ukiwa chini, habari ni nyingine. Watoto 100 wameanza, 82 wamemaliza. 18 wameishia njiani. Kwa kawaida upotevu unaozidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa dalili ya tatizo. Na hao mama zao hawakuhitaji kushawishiwa: walikuja wenyewe, umbali waliuona, wakarudi nyumbani, na kitu walichokutana nacho kikawafanya wasije tena.

Mimi naona kipimo hiki cha pili kinasema zaidi kuhusu uongozi kuliko asilimia ya jumla ambayo kila mtu huikimbilia. Mama aliyekuja wiki ya 6 akakosekana wiki ya 14 alikutana na nini? Labda aliambiwa maneno mbele ya watu kwa kuwa mtoto kachafuka au kadi imeloa. Labda alijifungulia nyumbani, na kijiji kina sheria ndogo ya faini kwa wanaojifungulia nyumbani, hivyo kila ziara ya kliniki anaiona kama mtego. Labda alifika saa mbili, akasubiri hadi saa saba kwa sababu mambo yalianza kwa somo la afya, yakaendelea kwa kupima uzito, na anayechanja ndiye huyohuyo anayepima wajawazito. Au alikuta mlango umefungwa: muuguzi ameitwa semina mjini na hakuna aliyetangaza.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili. Mfawidhi anaweza kuamua kwamba chanjo ianze kabla ya somo. Anaweza kuhamisha siku ya kliniki isigongane na gulio, au kinyume chake aiweke siku ya gulio makusudi kwa sababu ndiyo siku akina mama wa vitongoji vya mbali wanashuka. Anaweza kusema kwamba mtoto wa mwezi mmoja ambaye mama yake alijifungulia nyumbani atapokewa bila swali la faini, na akaenda kukubaliana hivyo na mtendaji. Anaweza pia kuandika majina ya ambao hawakutokea, ayatoe kwenye Kitabu namba 7 cha MTUHA, ambacho ndicho rejista ya watoto, na Ijumaa ampe mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kumi na tano tu. Kazi ya kuwatafuta watoto kumi na tano kwa majina inafanyika. Kazi ya "kuhamasisha jamii" haina mwisho wala mwanzo.

Jokofu halina Jumapili

Chanjo zinatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, na joto linasomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumapili na Idi zikiwemo. Kuna fomu imebandikwa mlangoni mwa jokofu. Siku hizi vituo vingi vimehama kutoka majokofu ya gesi kwenda ya sola, na zile simulizi za mtungi kuisha katikati ya wiki zinapungua. Fomu bado ipo, na inasema mengi. Ukiona safu nzima ya mwezi imejaa 5, 5, 5, 5, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, jua imejazwa siku moja. Jokofu la kweli huyumba: 4 asubuhi, 6 jioni, siku moja 7 kwa sababu lilifunguliwafunguliwa siku ya kliniki.

Watu huogopa joto, na wana haki, lakini baridi nayo inaua chanjo kimyakimya. Penta, ya nimonia na ya saratani ya mlango wa kizazi zikiganda zinaharibika. Zikiyeyuka, kwa asiyejua kuzikagua, zinaonekana zilezile. Muuguzi aliyeweka vipande vya barafu vikiwa vimetoka moja kwa moja kwenye friza, akavipanga kando ya vichupa ndani ya kasha la kwenda mkoba, anaweza kuchanja watoto arobaini na asimkinge hata mmoja. Siku hiyo hakuna atakayeugua na hakuna atakayelalamika. Ripoti itasoma vizuri kabisa.

Kwa sababu hiyo usimamizi shirikishi, yaani ziara ya watu wa wilaya kuja kituoni, una thamani kubwa kuliko unavyopewa, mradi ufanywe kwa macho wazi. Ziara ya kusaini kitabu cha wageni, kuuliza "changamoto zenu ni zipi" na kuondoka na nakala ya ripoti haimsaidii mtu. Ziara inayosaidia ni ya mratibu anayekaa pembeni saa nzima akitazama kliniki ikiendelea, halafu anamuuliza mfawidhi faraghani kuhusu zile 5 zilizonyooka. Faraghani ni muhimu. Ukimuumbua mtu mbele ya wahudumu wake, mwezi ujao atakuletea fomu yenye namba zilizoyumbishwa kwa ustadi.

Fedha ilipofika mlangoni

Kwa miaka mingi mfawidhi aliyetaka mafuta ya pikipiki aende mkoba aliandika barua halmashauri na kusubiri. Fedha za zahanati zilikaa huko, zikanunua vitu huko, zikarudi kijijini zikiwa bidhaa, kama zilirudi. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ulibadilika: fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zahanati ikawa na mpango wake wa mwaka na bajeti yake, na kamati ya usimamizi ikapewa sauti kwenye matumizi.

Mabadiliko hayo hayasifiwi vya kutosha, pengine kwa sababu yanahusu uhasibu, na uhasibu haupigwi picha. Lakini yaliwatenganisha wafawidhi. Alipokuwa hana fedha, mwenye nia na asiye na nia walifanana. Wote walikaa wakisubiri barua ijibiwe. Sasa unaweza kufungua mipango ya zahanati mbili jirani ukaona moja imetenga safari za mkoba kwa kila kitongoji kilicho mbali, tarehe zimeandikwa, na nyingine imeweka fungu kubwa kwenye shajala na ukarabati wa uzio. Uzio nao unahitajika, sibishi. Ila mpango wa matumizi ndiyo mahali pa kwanza ambapo kiongozi anaonyesha mtoto wa kitongoji cha mbali ana uzito gani kwake.

Kamati inaweza kuwa mhuri tu, wajumbe wakisainishwa wakiwa wamesimama. Ikiwa hai, ndiyo inayojua kwamba safari ya mkoba ya Jumatano haifai kwa sababu watu wote wako shambani hadi alasiri, na kwamba mti wa kukutania ni ule wa karibu na kisima, si ule wa ofisi ya chama.

Asilimia 104

Sasa tuje kwenye namba, mahali ambapo viongozi wazuri wanavunjika moyo.

Kiwango cha chanjo ni hesabu ya kugawanya: waliochanjwa, kwa waliotakiwa kuchanjwa. Namba ya juu inatoka kwenye rejista. Ya chini, yaani lengo, mara nyingi inatoka mezani: idadi ya watu ya sensa iliyopita, ikakuzwa kila mwaka kwa kiwango cha ongezeko, ikagawanywa hadi ngazi ya kijiji. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Tanzania ilitoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, na ongezeko hilo halikusambaa sawasawa. Machimbo ya dhahabu yakifunguka, kijiji cha watu elfu mbili kinakuwa mji ndani ya miezi. Wafugaji wakihama na mifugo, kijiji kingine kinabaki na majengo. Lengo la mezani halijui hayo.

Matokeo yake ni zahanati yenye asilimia 140 na jirani yake yenye 60, na huenda ya pili ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi. Kwenye kikao cha robo mwaka zote zinapangwa kwenye jedwali moja, kijani juu, nyekundu chini. Mwenye 60 anasimamishwa ajieleze. Mwenye 140 anapigiwa makofi, ingawa asilimia 140 haiwezekani na kila aliyemo ukumbini anajua. Baada ya vikao viwili vya namna hiyo, mwenye 60 anajifunza. Hakuna anayemwambia apike takwimu. Anaona tu kwamba wenye namba nzuri hawaulizwi maswali.

Nchi ikipima kwa njia nyingine, kwa kupita nyumba hadi nyumba na kuomba kuona kadi, picha hushuka. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulikuta takribani watoto 3 kati ya 4 wenye umri wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Si picha mbaya, ila maana yake ni kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa amekosa angalau dozi moja, na mtoto huyo hapatikani kwa jedwali linalosoma asilimia 104.

Rejista za kielektroniki, zilizoanza kujaribiwa mkoani Arusha kabla ya kupelekwa mikoa mingine, zilikuja na ahadi ya kumaliza tatizo: kila mtoto anasajiliwa kwa jina, mfumo unatoa orodha ya wanaodaiwa dozi. Zinasaidia kweli pale zinapotumika. Ila muuguzi alijikuta akijaza kishikwambi na kitabu vyote viwili, na penye foleni ndefu kimoja kilisubiri jioni. Mfumo hauamui nani asome orodha hiyo Ijumaa. Mfawidhi ndiye anayeamua.

Kampeni na siku za kawaida

Watu hupenda kutoa mfano wa UVIKO-19, na ni mfano mzuri, ingawa unahitaji kushikwa kwa uangalifu. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 na kazi ikaanza. Mwanzoni watu walitakiwa kwenda vituo vilivyoteuliwa, na mwitikio ulikuwa mdogo. Nchi ilikuwa imetoka kwenye zaidi ya mwaka mzima wa kusikia ujumbe tofauti. Ikaja awamu iliyopewa jina la Mpango Shirikishi na Harakishi: wachanjaji wakatoka vituoni, wakaenda masokoni, stendi, misikitini na makanisani, nyumba kwa nyumba, wakiongozana na viongozi wa mitaa na vijiji. Mwaka 2022 idadi ya waliochanjwa ikapanda kwa kasi kubwa. Mtu aliyekataa kwa daktari wa runinga alikubali kwa mjumbe wake wa nyumba kumi.

Polio nayo ilifanya hivyo. Baada ya kirusi cha polio ya asili kugunduliwa Malawi mapema 2022, Tanzania ilipita nyumba kwa nyumba ikitoa matone. Mwaka uliofuata kirusi kinachotokana na chanjo kilipobainika Rukwa, kampeni ikarudi tena mikoa ya magharibi na kusini magharibi.

Uangalifu ninaousema ni huu: kampeni ina posho, magari na tarehe ya mwisho. Inapofika, watumishi wa zahanati wanaondoka kwenda kampeni na kliniki ya Alhamisi inafungwa. Mtoto anapata matone ya polio mlangoni kwao na kukosa Penta ya tatu kituoni, wiki hiyohiyo. Mfawidhi anayeangalia mbali hukataa kufunga, hata kwa kubaki yeye mwenyewe na kukosa posho, na uamuzi huo hauandikwi popote. Mwishoni mwa 2022, mwaka huohuo wa kampeni kubwa, surua iliua watoto katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi. Surua ndiyo inayofichua mapengo kabla ya magonjwa mengine, kwa kuwa inaambukiza kwa kasi kiasi kwamba jamii inahitaji takribani asilimia 95 ya watu wenye kinga ili isisambae. Wastani wa mkoa unaweza kupendeza huku kata moja ikiwa wazi kabisa.

Chanjo ya wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi ilileta jaribio la aina nyingine. Ilipoanza nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tena 2024 nchi ilipohamia dozi moja na kufungua mlango kwa wa miaka 9 hadi 14, tetesi zilikuwa zilezile: inafunga kizazi. Tetesi hazisubiri tangazo la wizara. Zinafika shuleni jioni ile ile, na aliyewahi ndiye anayesikilizwa. Mfawidhi aliyekwenda kwa mwalimu mkuu wiki moja kabla, akaomba dakika kumi kwenye kikao cha wazazi, akaruhusu maswali ya aibu, alipata siku yenye foleni. Aliyefika na kasha la baridi asubuhi ya zoezi alikuta madawati matupu.

Wengine waliona nini

Utafiti mmoja wa muongo uliopita ulifuatilia wilaya 12 za Ethiopia, Kamerun na Ghana, ukilinganisha zilizopandisha chanjo na zilizobaki palepale. Vilivyozitofautisha havikuwa vifaa peke yake: wilaya zilizopanda zilikuwa na wahudumu walio karibu na jamii, ushirikiano wa kweli kati ya kituo na kijiji, mapitio ya mara kwa mara ya utendaji, na huduma zilizopangwa kwa kufuata maisha ya wenyeji. Ukiitazama orodha hiyo utaona inafanana na mbinu ambayo WHO na UNICEF waliianzisha 2002 ya kufikia kila wilaya. Kuijua mbinu hakujawahi kuwa kazi ngumu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliingia kwa mlango mwingine. Mpango wa Mashako, ulioanza 2018 ukipewa jina la profesa na waziri wa zamani wa afya, ulianza na maswali ya kihasibu: je, kliniki iliyopangwa ilifanyika? Je, chanjo zilikuwepo siku hiyo? Je, msimamizi alifika kweli? Haut-Lomami na Tanganyika, mikoa ambako Kiswahili ndicho cha sokoni, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuingizwa. Maswali hayo hayana mvuto, ila yanapimika, na muuguzi mkuu wa kituo anaweza kuyajibu bila kujua idadi ya watu wa eneo lake, jambo ambalo nchini mwake, sensa ya mwisho ikiwa ya 1984, ni faraja.

Uwezo wa mkuu wa kituo una kikomo pia. Kenya ilikabidhi huduma za afya kwa kaunti 47 mwaka 2013, na kaunti zenye viongozi makini zimeonyesha mengi. Lakini wauguzi walipogoma kwa takribani miezi mitano mwaka 2017, na chanjo za BCG (ya kifua kikuu) na polio zilipoadimika katikati ya 2025, hakuna mkuu wa kituo ambaye angeweza kuchanja kwa ushujaa wake. Anachoweza ni kuandika majina ya waliokosa ili shehena ikifika awaite. Pale pasipo na orodha, upungufu wa miezi miwili unageuka pengo la kudumu.

Wahudumu wapya wanakuja

Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, waliofunzwa na kulipwa, tofauti na wale wa kujitolea waliozoea kulipwa fulana. Hawa ndio wanaojua nyumba ipi ina kichanga na nani kahamia juzi kutoka Bariadi na ng'ombe wake. Wanachaguliwa na jamii zao, wanahusiana na serikali ya kijiji, na taarifa zao zinapita zahanati. Mganga mfawidhi mwenye watumishi watatu atajikuta na watu wengine kadhaa wa kuongoza. Kila mmoja ana simu, eneo lake, na orodha ndefu ya majukumu kuanzia lishe, malaria na kifua kikuu hadi usafi wa vyoo.

Chanjo ni mstari mmoja tu kwenye orodha hiyo. Nani atawapangia wiki yao haijatulia kila mahali: mtendaji, mfawidhi, au mradi wenye posho mwezi huo. Kwa sasa, zahanati ambazo mambo yanakwenda zina kikao kifupi cha Jumatatu, nusu saa chini ya mwembe, ambapo majina ya watoto waliokosa dozi yanasomwa kwa sauti na kila jina linapata mtu wa kulifuata.